Maneno Mawili Katika Ibara ya Tano

Kwa miaka mitatu nilikuwa katibu wa asosiasio ya wakutubi wa Bujumbura. Nasema asosiasio kwa sababu ndivyo tulivyoiita. Mjini kwetu neno chama lina wenyewe, wanasiasa, na ukilitamka kwa sauti watu hugeuka kutazama nani anasikiliza. Kazi yangu ilikuwa kuandika. Niliandika mihtasari, mialiko na barua za maombi, na katiba niliiandika mimi. Mtu akinisifu kwa kalamu yangu, huwa nabadilisha mazungumzo.

Lakini siwezi kuanzia kwenye asosiasio, maana kabla yake alikuwapo mwanamke mmoja. Nilimwita Mama, ingawa hakunizaa na wala dini yetu haikuwa moja. Alizaliwa mtaa wa Buyenzi, kwa Waislamu wa mjini wa tangu zamani, baba yake fundi wa magari. Aliolewa, akazaa binti mmoja, akaachika, akapata kazi ya usafi katika maktaba ya kituo kimoja cha utamaduni katikati ya mji. Alifuta vumbi rafu kwa rafu, na kwa kuwa alitakiwa kurudisha kila kitabu pale alipokitoa, alizijua namba zilizobandikwa migongoni kabla hajajua zinasema nini. Baadaye akagundua mwenyewe kwamba vitabu vya namba moja vina udugu. Mia sita na thelathini vyote vilikuwa na picha za mihogo na ng'ombe. Mia sita na kumi, wagonjwa. Siku mkutubi wa kaunta alipougua, yeye aliambiwa akae pale wiki moja tu. Hakuondoka tena.

Mimi nilifika hapo nimemaliza sekondari, natoka mtaa wa Mutanga Nord, natafuta kazi yoyote ya kukaa kivulini. Nyumbani tulisema Kirundi, shuleni Kifaransa. Kiswahili nilikipata kwake, na ndiyo maana haya nayaandika kwa Kiswahili, ingawa chake kilikuwa cha Buyenzi na changu kimenyooshwa na vitabu.

Alinifundisha kila kitu. Alinifundisha kuandika kadi, kutunza daftari la azima, kumdai msomaji kitabu alichochelewesha bila kumfukuza asirudi. "Mutu akikuuliza kitabu, usikimbie ku kadi," alikuwa akiniambia. "Muulize kwanza anataka kufanya nini nayo." Nilipokosea hakupandisha sauti, alinirudishia kadi kifudifudi, nami nikajua niitazame upya. Hakuwa mpole, lakini. Alikuwa na majivuno yake. Hakupenda kushindwa kujibu swali, na msomaji akitaja kitabu asichokijua, alikasirika siku nzima kana kwamba mtu huyo amekificha makusudi.

Ikaja miaka mibaya na kituo kikafungwa. Wenye kituo walitaka kuvitupa vitabu vilivyochakaa. Mama akaviomba, akavipakia kwenye gari la kukodi hadi Buterere, pembezoni mwa mji, alikokuwa amehamia kwa sababu kodi ya Buyenzi ilimshinda. Alikuwa na vyumba viwili kando ya mashamba ya mpunga. Kimoja akalala, kingine akafungua chumba cha kusomea. Mimi nilipata kazi katika maktaba ya shule moja ya sekondari, na Jumamosi mchana nilikuwa nakwenda kwake kumsaidia kukarabati vitabu.

Wengine wakaanza kuja. Alikuja mwanamume wa maktaba ya parokia, akaja muuguzi aliyetunza kabati la vitabu hospitalini, wakaja walimu wawili na karani aliyetunza nyaraka za mahakama. Tulifika kuwa saba. Mama alipika gundi ya unga wa muhogo katika sufuria ambayo haikupikiwa kitu kingine, tukashona migongo ya vitabu kwa uzi wa gunia uliopakwa nta, tukabandika karatasi nyembamba pale kurasa zilipochanika. Huku mikono ikifanya kazi, tuliulizana mambo ya kazi: msomaji anayekata picha unamfanyaje, mkuu wa shule anayegeuza maktaba kuwa ghala la madawati unamwambiaje. Muuguzi ndiye aliyesema siku moja kwamba sisi tumeshakuwa asosiasio, imebaki karatasi tu. Mama akacheka, akasema, "Basi tuandike hiyo karatasi." Tulikwenda kuiandikisha, yeye akawa wa kwanza kutia sahihi.

Kwa muda mrefu haikuwa na maana yoyote zaidi ya hiyo Jumamosi. Kisha tukasikia kwamba kuna shirika la nje linatoa fedha na mafunzo kwa ajili ya kuimarisha asosiasio za wakutubi katika nchi kama yetu. Habari hiyo aliileta mtu wa nane, aliyejiunga baadaye: msimamizi wa maktaba ya chuo binafsi, mwenye shahada ya pili kutoka nje, mkazi wa Kinindo, mtaa wa wenye nacho. Alikuwa mtu msafi, mwenye adabu, na alijua mambo ambayo sisi hatukuyajua, kama vile namna ya kujaza fomu ya kurasa thelathini. Tulimchagua rais bila mtu kumpinga. Mama naye aliinua mkono.

Fomu tuliijaza barazani kwake Kinindo. Mikutano nayo ikahamia huko, kwa sababu, alivyosema rais, siku mgeni akija hatuwezi kumpeleka mahali ambapo mvua ikinyesha gari halitoki. Kulikuwa na viti vya kusuka na Fanta baridi. Mama alikuja mara mbili. Mara ya pili alifika mkutano ukiwa umekwisha, maana mafuta yalikuwa yameadimika mjini na mabasi yalikuwa yamesimama kwenye foleni ya petroli tangu asubuhi. Alikunywa maji, akauliza tumeamua nini, nikamweleza. Viatu vyake vilikuwa na vumbi hadi kwenye kifundo. Hakuna aliyeuliza atarudi vipi.

Tukakubaliwa. Siku barua ilipofika, rais alinipigia simu kazini, nami nilifurahi, sitaki kujifanya sikufurahi. Nilikuwa nimechoka kuitwa "yule wa vitabu". Nilitaka kuwa na kazi yenye jina.

Mafunzo yalifanyika katika hoteli kando ya ziwa, siku nne. Mkufunzi alikuwa mwanamke kutoka Afrika Magharibi, mnene, mcheshi, aliyetuambia siku ya kwanza kwamba asosiasio ya wakutubi nchini kwao ilianzia chini ya ngazi ya jengo la posta. Mama hakualikwa siku zote nne. Nafasi zilikuwa kumi na mbili na rais alisema zitolewe kwa wale watakaoweza kufuata Kifaransa cha kitaalamu. Mama alikijua Kifaransa. Alikuwa amewahudumia Wafaransa kaunta kwa miaka. Nilijiambia kwamba nitamsimulia.

Siku ya pili tuligawanywa katika makundi ili kuandika upya katiba. Kundi letu lilipewa ibara ya tano: mwanachama ni nani. Tulikuwa wanne, pamoja na rais. Kompyuta ilikuwa mbele yangu.

"Tuandike kwamba mwanachama kamili ni mwenye diploma ya ukutubi inayotambuliwa," alisema rais. "Mfadhili anataka wataalamu. Tukileta orodha ya watu waliojifunza kwa kuangalia, wataona tunacheza."

Mwanamume wa parokia, aliyekuwa na diploma, alisema, "Ni kweli."

Nikaanza kuandika. Nilipofika kwenye neno diploma vidole vyangu vikasimama, maana mimi sina diploma. Nina cheti cha mafunzo ya miezi sita. Nikamtazama rais, nikasema, "Diploma au cheti, nadhani. Vinginevyo tutabaki wachache mno."

Alifikiri kidogo. "Sawa. Weka 'au cheti'."

Nikaweka. Maneno mawili. Nakumbuka baridi ya chumba kile na nakumbuka kwamba Mama alinijia akilini, si kwamba nilimsahau. Alinijia akilini wazi kabisa, amekaa na sindano yake, na nikajua kuwa lipo neno la tatu na la nne ambalo ningeweza kuongeza, "au uzoefu", na kwamba nikiliongeza rais atakunja uso na mjadala utaanza upya, na pengine wataitazama tena ile "au cheti". Nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Tukaenda kunywa kahawa.

Siku ya mwisho mkufunzi alisema amesikia habari za chumba cha kusomea huko Buterere na angependa kukiona. Rais hakupenda, lakini gari lilipatikana. Mama alitupokea mlangoni kama mtu anayepokea wageni aliowatarajia, ijapokuwa hakuna aliyempa habari. Mkufunzi alikaa naye zaidi ya saa moja. Alishika sufuria ya gundi, akauliza uzito wa uji wa gundi, akaandika. Akampiga picha akishona. Nilisimama karibu na mlango, nimevaa kadi ya mafunzo shingoni, na Mama akaiangalia ile kadi, akasema, "Imekupendeza."

Mkutano mkuu wa kupitisha katiba mpya ulifanyika katika ukumbi wa parokia, mwezi mmoja baadaye. Mama alikuja amevaa kitenge cha kijani na mtandio mweupe, akaketi mstari wa mbele, alikozoea kuketi. Mwalimu mmoja kati ya wale wawili wa Jumamosi ndiye aliyeshika orodha. Alikuja kwangu kwanza, akaninong'oneza kwamba Mama hayumo, nimwambie mimi. Nikasema, "Mwenye orodha ni wewe." Basi akamwendea, akainama, akasema naye. Niliona Mama akinyanyuka, akachukua mkoba wake, akaenda kuketi kwenye viti vya pembeni vilivyoandikwa "Waalikwa".

Nikamfuata. Nilikuwa na bahasha ya kadi za kupigia kura mkononi.

"Wanasema mi si memba tena," alisema, bila hasira. "Wanasema iko mu katiba."

"Ndiyo, Mama. Ni kwa ajili ya mfadhili. Wao ndio wanataka hivyo."

"Nani aliandika?"

"Tuliandika kikundi."

"Nauliza mukono wa nani."

Nikamwambia ni wangu. Akatikisa kichwa polepole, kama alivyofanya nilipokuwa nakosea kadi, ila safari hii hakuwa na kitu cha kunirudishia. "Haya," akasema. "Nenda, wanakungoja."

Hakuondoka. Alikaa mpaka mwisho, mikono juu ya mkoba, wengine tulipoinua kadi zetu. Kwenye mengineyo, rais alipouliza kama kuna swali, Mama aliinuka, akasema, "Nilitaka kujua kama Jumamosi bado iko. Ni kwa sababu ya gundi. Nikijua hamuji, sitapika." Watu wengi ukumbini hawakuwa wa ile Jumamosi, walikuwa wapya waliovutwa na habari za mafunzo, wakacheka. Rais alijibu kwa heshima kwamba jambo hilo litaingizwa katika mpango kazi. Nami niliandika kwenye muhtasari: swali la mwalikwa kuhusu ukarabati, litaingizwa katika mpango kazi.

Jumamosi iliyofuata sikwenda. Wala iliyofuata.

Msimu wa mvua ule maji yalipanda Buterere kama yanavyopanda karibu kila mwaka, lakini zaidi. Mashamba na njia vikawa kitu kimoja. Nilipata habari kwa njia ya barua ya Mama, iliyoletwa shuleni kwangu na mwenye duka aliye jirani yake, mwanamume mzee kiasi aliyekuja mjini kuchukua sabuni na chumvi. Barua iliandikwa kwa asosiasio, si kwangu. Ilikuwa ya Kifaransa, safi, bila kosa. Ilisema maji yameingia chumbani, rafu mbili za chini zimelowa, na kwamba kitabu kilicholowa kina siku chache tu kabla hakijaota ukungu. Aliomba mambo matatu: karatasi kavu za kuweka kati ya kurasa, watu wanne au watano wa kusaidia kwa siku mbili, na mahali pakavu mjini pa kuweka makasha hadi maji yapungue. Hakuomba fedha.

Katika ule msaada tulikuwa na fungu lililoandikwa "usaidizi kwa wanachama". Nilimpelekea rais barua. Aliisoma akiwa amesimama.

"Ni jambo la kusikitisha," alisema. "Lakini fungu hili ni la taasisi wanachama. Tukilitumia kwa asiye mwanachama, ukaguzi utatuuliza. Mwandikie vizuri. Mwambie tunamwombea."

"Ni watu watano na karatasi," nilisema.

"Leo watu watano. Kesho kila mwenye kabati la vitabu atatuandikia."

Nikaandika. Niliandika vizuri. Nilitumia maneno "kwa masikitiko makubwa" na "kwa mujibu wa ibara ya tano", nikatia sahihi na mhuri, nikampa mwenye duka alipopita tena. Nilijiambia mafuta hayapo, nitafikaje Buterere. Watu wa Buterere huja mjini kwa miguu kila alfajiri na kurudi kwa miguu, wengine na mzigo kichwani. Mimi nilikuwa na viatu vizuri.

Mwenye duka alinihadithia baadaye kwamba Mama aliisoma barua ile mlangoni, majirani wakiwa ndani wanatoa maji kwa ndoo, akasema, "Imeandikwa bila kosa," kisha akaikunjua na kuiweka kati ya kurasa mbili zilizolowa, kwa sababu ilikuwa karatasi kavu.

Mwisho wa mwaka ikaja zamu ya ripoti. Rais aliishughulikia mwenyewe na ilipendeza sana. Nilipopokea nakala yangu, jalada lilikuwa ni picha ya Mama akishona kitabu, mwanga wa dirisha umemwangukia mikononi. Chini yake iliandikwa kwamba huyu ni mwanachama wetu mmojawapo akitumia ujuzi alioupata katika mafunzo. Niliiweka ripoti kwenye droo, jalada likitazama chini.

Wiki chache baadaye mkufunzi alinipigia simu. Ilikuwa simu ya tathmini, na maswali yalikuwa yameandikwa. Nilimsikia akigeuza karatasi. Lakini kabla hajaanza aliuliza, "Yule mama wa gundi, hajambo? Nimewafundisha wenzangu uji wake."

Nikamwambia kuhusu maji. Akauliza asosiasio ilifanya nini. Nikamweleza kwamba hakuwa mwanachama, kwa sababu ya sharti lao la utaalamu.

Akasema taratibu, "Sharti gani, dada?"

"La diploma."

"Sisi hatukuweka sharti la diploma. Fomu iliuliza mna wanachama wangapi, wanafanya kazi gani na wanahitaji nini. Nilipoona ibara yenu ya tano nilidhani mna sababu zenu. Katiba ni yenu, haikuwa kazi yangu kuwapangia nani ni mwenzenu."

Akaendelea na maswali yake, nami nikamjibu yote. Simu ilipokwisha nilifungua faili la fomu, zile kurasa thelathini, nikazisoma kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho pale pale dawatini, wanafunzi wakinisubiri niwaandikie vitabu vyao. Alichosema kilikuwa kweli. Hakuna mahali palipotaka diploma. Tulikuwa tumemtungia mgeni amri ambayo hakuitoa, kisha tukamfukuza mtu wetu kwa kuitii.

Nilikwenda Kinindo siku hiyo hiyo baada ya kazi, nikamwambia rais. Sikumkuta na la kujitetea, wala hakulitafuta.

"Hata kama hawakuandika," alisema, "ndivyo wanavyofikiri. Unadhani wangetuchukua kwa uzito na wasafishaji kwenye orodha?"

"Alitufundisha sote."

"Alikufundisha wewe," alisema. "Na wewe uliweka 'au cheti'. Mimi ningekuacha nje pia, kama usingesema. Kwa hiyo tusifundishane."

Nilipendekeza ibara irekebishwe, akasema nilete hoja kwenye mkutano mkuu. Mkutano mkuu ukaitwa mara mbili na mara zote mbili haukufikia idadi. Msaada ulikuwa umekwisha, mafunzo yamekwisha, na wale wapya hawakuonekana tena. Kuhuisha usajili kulihitaji sahihi za waanzilishi walio wengi, na kati ya wale saba wawili walikuwa wamehama nchi na muuguzi amefariki. Rais akanipigia. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyepata ufumbuzi, kwamba Mama ni mwanzilishi kisheria, na kwamba tunaweza kumpa uanachama wa heshima ili atie sahihi.

Basi ndipo nilipokwenda Buterere. Nilikwenda kwa miguu, na kwa mwendo wangu haikuchukua hata saa mbili. Nimeifikiria mara nyingi hesabu hiyo ya saa mbili.

Chumba kilikuwa wazi. Ukuta ulikuwa na mstari wa matope kufikia usawa wa goti, na rafu za chini hazikuwapo. Vitabu vilivyobaki vilipangwa kuanzia kiunoni kwenda juu. Mwanamke mmoja muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, alikuwa amekaa kwenye mkeka akisoma kwa kufuatisha kidole. Mama alikuwa amekonda na miguu yake imevimba. Aliniletea chai ya tangawizi kama alivyomletea kila mtu. Aliuliza habari za nyumbani, za mume wangu, za watoto, mmoja mmoja. Nikamweleza kilichonileta, na njiani nilikuwa nimepanga kuanza na kuomba radhi, lakini nilijikuta nimeanza na usajili.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Membre d'honneur," alisema. "Ni nini hiyo?"

"Ni mwanachama wa heshima. Hupigi kura, lakini jina lako linakuwemo."

"Na mi nitie sinyatire juu muko na shida ya hesabu."

"Ndiyo, Mama. Lakini pia kwa sababu ni haki yako."

"Apana," alisema. Alilisema polepole, bila uzito, kama anayekataa sukari. "Asosiasio nilitaka sana. Mi ndiye nilitaka kuwashinda wote. Nilisema mukutubi akiwa peke yake, mukubwa wa shule anamugeuza mulinzi wa madawati. Akiwa na wenzake, anaogopwa. Hiyo bado naiamini. Lakini ile mulitengeneza si hiyo niliyotaka." Akanywa chai. "Ile barua yako, binti. Ungekuja kuniambia kwa mdomo kwamba hamuwezi, ningesema haina neno. Uliniandikia."

Nilisema, "Nilikosea."

"Ndiyo," alisema. Akangoja, labda kuona kama nina jingine. Muuza ndagala akamwita amsomee neno lililomshinda, Mama akanyanyuka kwa kushika ukuta, akamwendea. Walikaa na neno lile muda mrefu. Mimi nikamaliza chai, nikaaga.

Niliandika barua ya kujiuzulu ukatibu. Hakuna aliyeijibu, kwa kuwa mtu wa kujibu barua za asosiasio nilikuwa mimi. Usajili ulikufa wenyewe. Rais alipata kazi katika nchi jirani, na nasikia huko hualikwa kuzungumza kuhusu namna ya kuimarisha asosiasio za wakutubi. Simlaumu kuliko ninavyojilaumu. Yeye aliamini alichokifanya. Mkuu wa shule yangu mwaka huu ameingiza madawati sitini mabovu katika chumba cha kusomea, na nilipokwenda kumlalamikia aliniuliza, kwa upole, nazungumza kwa niaba ya nani.

Mwezi uliopita nilirudi Buterere. Nilikuwa nimejiandaa safari hii, nimelirudia lile nitakalosema hadi likawa fupi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli na ndani palisikika kuku. Nikavuka njia hadi kwa yule mwenye duka. Aliniambia Mama miguu ilimzidi, binti yake amekuja kumchukua, wamehamia Rumonge, mji wa mbali kando ya ziwa. Vitabu hakuviuza wala hakuviacha vioze. Siku tatu kabla ya kuondoka aliwaita watu, akagawa kimoja kimoja, na kila kilichotoka alikiandika kwenye daftari, ambalo alilikabidhi dukani ili mtu akitaka kitabu ajue kiko kwa nani.

"Ulizeni tu kwangu," alisema mwenye duka. "Ndivyo alivyoagiza. Sasa maktaba iko mu nyumba za watu."

Alilitoa daftari chini ya kaunta. Lilikuwa limepigwa mistari kwa rula, mwandiko ule ule niliofundishwa nao: namba, jina la kitabu, jina la mtu, nyumba. Muuza ndagala alikuwa na vinne. Mwenye duka viwili. Fundi baiskeli, imamu, mke wa mchungaji, mwalimu yule yule aliyeshika orodha ukumbini. Hata yeye alikuwa na kimoja, cha hesabu. Nilisoma kurasa zote, mbele na nyuma, nikaanza tena kutoka mwanzo kwa sababu nilidhani nimeruka mstari. Sikuwa nimeruka. Jina langu halikuwamo. Mwenye duka aliniuliza kama kuna kitabu ninachokitafuta. Nikasema hakuna, nikanunua kipande cha sabuni, nikarudi mjini.